Matone ya Jicho la Kushoto

Mama Ngalula alifika kwangu bila kupiga simu. Nilisikia geti likigongwa, nikadhani ni muuza makala, makaa ya kupikia, nikatoka na maneno yangu ya ukali tayari mdomoni, na nikamkuta amesimama na sanduku dogo mkononi na kitambaa cheusi kichwani. Aliniangalia kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kununua. "Ngoie," alisema, "unakuwa na mwili sasa." Kwa miaka mingi nilikuwa nimejiambia kwamba siku nitakapomwona tena nitalia, lakini nikacheka, maana katika Lubumbashi nzima hakuna mtu mwingine aliyebaki na ruhusa ya kuusema mwili wangu. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amemzika mume wake huko Mwene-Ditu, Kasai, mwalimu Mukendi, mtu aliyenifundisha karibu yote ambayo mimi nami nilikuja kuwafundisha wengine kuhusu jicho. Tangu treni ilipowachukua wawili hao kutoka mji huu, Mama Ngalula hakuwa amekanyaga tena hapa. Nilimpa maji ya kunawa, nikawasha jiko, na wakati nasonga bukari, ugali wetu, nilijua kwamba hakusafiri mbali namna ile ili aje kula.

Nataka kuueleza mwaka niliokaa nyumbani kwao. Mambo ya nilikozaliwa na nani alikuwa nani kwetu nitayaruka, hayana faida kwa mtu. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Askari walikuwa wameshapora maduka, mshahara wa chuo ulikuwa hadithi tu, noti zilibebwa kwenye mifuko ya plastiki, na wanafunzi wengi walikuwa wameondoka. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara, kijana, mkaidi, nisiyekuwa na pa kulala baada ya mwenye nyumba wangu kukimbilia Zambia. Mukendi alikuwa na cheo cha chef de travaux, msimamizi wa kazi za maabara, na kazini sote tulimwita CT. Aliponikuta asubuhi moja nimelala juu ya meza ya maabara, kichwa kwenye koti langu jeupe, alingoja mpaka nilipoamka. Kisha akaniambia nichukue vitu vyangu twende kwake, kwenye nyumba za walimu kule Kasapa. Nilipewa chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya makala. Mama Ngalula alikipaka chokaa, akakipaka tena, lakini kuta ziliendelea kutoa vumbi, na kila asubuhi nilitoka na visigino vyeusi, naye akanipokea kwa kicheko na kuniuliza kama zamu ya mgodini imekwisha.

Nyumba ile ilikuwa na ubishi mmoja mkubwa, nao ulihusu unga. Mukendi, aliyezaliwa Kasai, alitaka unga wa mahindi uchanganywe na wa muhogo, kama alivyolelewa. Mama Ngalula, aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi kwa wazazi waliotoka huko, alitaka mahindi matupu. Mume alilalamika kila jioni kwamba ameoa mgeni; mke alijibu kwamba tumbo lake pia lilizaliwa mjini. Tshiluba cha mke, lugha ya Kasai, kilikuwa kibovu, na Kasai yenyewe alikuwa hajawahi kuiona, kwa hiyo wawili hao walizungumza Kiswahili, walipendana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili, nami nikayasikia yote. Watoto wao wawili walikuwa wameshatangulizwa Mwene-Ditu pamoja na shangazi yao, kwa sababu mwaka ule neno "kwenu" lilikuwa limeanza kuwa neno la kutisha. Watu wa asili ya Kasai walikuwa wakiambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao palikuwa mtaa wa pili. Wengine waliondolewa kwenye nyumba zao mchana kweupe, wengine walilala stesheni wakisubiri treni ambayo haikuwa na ratiba. Mjomba wangu, aliyelima kule Kasungami, alinituma neno mara kwa mara nitoke katika nyumba ile kabla sijapatwa na mabaya. Nilikataa. Naye, pamoja na hasira yake yote, hakuacha kuniletea unga. Alitaka niondoke, lakini hakutaka waliokuwamo wakae na njaa.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila kazi hiyo hakuna kisa. Nyuma ya mboni ya jicho kuna pete ndogo ya nyama yenye mikunjo, na pete hiyo hutengeneza maji. Simaanishi machozi, nasema maji ya ndani, yanayolilisha jicho na kulipa umbo. Yanaingia, yanatoka, na kila kitu kiko sawa. Yasipotoka vizuri, shinikizo hupanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo hufa taratibu, kuanzia pembeni, bila maumivu, mpaka mtu anajikuta anaiona dunia kupitia tundu la ufunguo. Ndiyo glakoma. Pete hiyo inapokea habari kutoka kwa neva zinazozungumza kwa adrenalini na ndugu zake, kemikali zile zile zinazokufanya moyo udunde unapoogopa. Ilijulikana tayari kwamba ukizifungia mlango kemikali hizo, maji hupungua. Mukendi alitaka kujua jambo moja zaidi: je, habari ya adrenalini ikishafika kwenye pete, nyama hiyo hutoa oksidi ya nitriki? Hiyo ni gesi, na wakati huo wanasayansi walikuwa ndiyo kwanza wanashangaa kugundua kwamba mwili wenyewe huitengeneza ili kulegeza mishipa na kupitisha amri. Makala machache ya kisayansi aliyokuwa nayo yalikuwa nakala za nakala, herufi zimefifia, na aliyasoma kwa jicho la kushoto akiwa ameyasogeza karibu na pua, kwa sababu jicho la kulia lilikuwa limeshakufa kwa ugonjwa huo huo aliokuwa akiuchunguza.

Shida ya gesi hiyo ni kwamba inaishi sekunde chache tu. "Gaz iko inakufa mbio," aliniambia siku ya kwanza. "Shiye tunapima kaburi yake." Kaburi hilo ni nitriti, chembe inayobaki kwenye maji gesi ikishapita, na nitriti ukiitilia kitendanishi chake hugeuka rangi ya waridi, kama maji yaliyochemshiwa lengalenga nyekundu, ule mchicha wetu. Waridi iliyokolea, gesi nyingi. Waridi iliyopauka, gesi kidogo. Mashine ya kupimia rangi ilihitaji umeme, na umeme ulikuja ulivyotaka, basi tulilinganisha kwa macho, mirija imepangwa mbele ya karatasi nyeupe dirishani. Maji safi tuliyanunua kwa wauza betri za magari. Ili nyama ya jicho ibaki hai kwenye joto la mwili, tuliweka sufuria ya maji juu ya mbabula, jiko la makaa, nami nilikaa mbele yake na kipimajoto, nikiongeza kaa moja, nikitoa kaa moja. Leo nikiwaambia vijana kwamba tulifanya biokemia kwa makala ya mbabula wanatabasamu kwa adabu, wakidhani mzee anaongeza chumvi.

Macho yenyewe tuliyafuata machinjioni, asubuhi, kwenye ndoo yenye kifuniko. Ng'ombe wengi mwaka ule waliletwa kutoka Zambia kupitia Mokambo, na wachinjaji walitugawia macho bila shida, ila walituangalia kwa namna yao. Asubuhi moja tukiwa tunarudi tulisimamishwa na vijana waliokuwa wameweka magogo barabarani. Walitaka kujua mzee huyu anatoka wapi na anaitwa nani, na jina Mukendi lingetosha kueleza yote. Kabla hajajibu, mmoja alifunua ndoo. Macho ya ng'ombe yalimtazama, makubwa, meusi, yamelowa. Alirudi nyuma karibu aanguke. Nilitaka kusema ni ya masomo, nikaona neno hilo halitamwingia mtu akilini, na moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka masikioni. Mukendi akasema kwa upole kwamba ni ya supu. Vijana waliangua kicheko. Walisema sasa wameamini kwamba bantu ba Kasai banakula kila kitu, wakatukana kidogo, wakatupisha. Tulitembea mpaka walipoacha kutuona, ndipo aliponiuliza kama nimesikia moyo wangu, midomo yangu ilivyokauka, na mikono ilivyopoa. Nilisema ndiyo. Akasema basi leo sihitaji somo la adrenalini, nimelipata bure. Alicheka peke yake, akahamishia ndoo mkono wa pili.

Kufikia katikati ya mwaka tulikuwa na jambo mkononi. Tulipoiwekea nyama ya jicho isoprenalini, dawa inayoiga adrenalini, waridi ilikolea. Siyo siku moja, kila siku. Hospitali ilikuwa imetupa ampuli chache zilizokwisha muda, na kila moja ilisema neno lile lile. Lakini ili mtu akuamini ilibidi tuonyeshe kwamba habari hiyo kweli inapita kwenye mlango tuliodhani, ule unaoitwa beta. Njia ni rahisi: funga mlango kwa dawa inayouziba, kisha weka isoprenalini, rangi isipopanda, umethibitisha. Dawa ya kuziba tulikuwa tumeiagiza muda mrefu, na posta ilikuwa imeshakufa. Katika mji mzima nilijua mahali pamoja tu palipokuwa na dawa hiyo. Ilikuwa ndani ya chungu cha maji baridi jikoni kwa Mama Ngalula, imefungwa kwenye plastiki: chupa ndogo ya matone ya timolol, ya mwisho, iliyoletwa kutoka Zambia na mfanyabiashara, ambayo kila asubuhi na kila jioni ilidondoshwa kwenye jicho la kushoto la mume wake. Yeye ndiye aliyemdondoshea. Mukendi alilala kwenye kiti kirefu, kichwa mapajani kwa mkewe, na nyumba nzima ilinyamaza mpaka tone lianguke.

Siku Mukendi alipomwambia mkewe anachokusudia nilikuwa uani nachambua lengalenga, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Sikujificha, na wao hawakushusha sauti. Alianza kwa kumweleza sayansi, jambo ambalo mke yeyote angelitambua kama woga. Mama Ngalula alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kama anajua chupa nyingine itatoka wapi. Alijibu hajui.

"Jicho moja ilikufa, nilinyamaza," Mama Ngalula alisema. "Hii ingine ni ya kuona batoto yako kule benyewe balienda. Utaiweka mu mirija ya ngombe?"

"Banaweza kukamata nyumba, kazi, byote," alijibu. "Lakini kama ninamaliza hii recherche, ile habataweza kuikamata."

"Na kama inamalizika na hauone tena ya kuisoma?"

Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe, kikizunguka bila sababu, maana sukari hatukuwa nayo tangu mwezi uliotangulia. Mimi nilikuwa upande wa mke. Ndiyo, nilitaka sana ile rangi ipauke mbele ya macho yangu, nilikuwa na tamaa ya kijana. Lakini nilikuwa nimeona jinsi Mukendi alivyopapasa kingo za mlango akitoka nje, na nilijua wiki chache bila dawa zingetosha kumfanya kipofu. Nilimwambia kesho yake tungoje. Aliniuliza tungoje nini, treni? Nikaenda kupuliza mbabula.

Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa baridi. Hata ubishi wa unga ulikoma. Tulikula mahindi matupu na hakuna aliyelalamika. Kisha asubuhi moja, tukiwa mezani na chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha, Mama Ngalula alileta chupa mwenyewe, akaiweka mbele ya mume wake. "Kamata," alisema. "Lakini unirudishie nusu." Mukendi alimshika mkono. Nami nikatazama sahani yangu, nikifikiri kwamba nimeona upendo ukishindwa kwa hiari yake. Nilikuwa na umri wa kufikiri mambo ya namna hiyo.

Jaribio lenyewe lilichukua siku mbili, kwa sababu tulikuwa tumebakiwa na ampuli moja ya isoprenalini na macho machache, na mbabula yetu haikuweza kubeba mirija yote kwa pamoja. Siku ya kwanza tulifungua ampuli, tukaweka nusu kwenye nyama bila kuziba mlango. Waridi ilikolea vizuri kuliko siku zote. Nusu iliyobaki tuliihifadhi kwenye chungu cha maji, umeme wa friji ukiwa haupo. Siku ya pili tuliweka kwanza matone ya Mukendi, nusu ya chupa kama alivyoahidi, kisha isoprenalini iliyobaki. Alinikataza kuangalia kabla yake. Alibeba mirija mpaka dirishani, akaisogeza karibu na jicho lake, akaizungusha kidogo kidogo kuitafuta kwenye lile tundu dogo la kuonea alilobaki nalo. "Mademoiselle," alisema, maana kazini hakuniita Ngoie hata siku moja, "kuya uone. Mulango ilifunga." Ilikuwa imepauka kweli. Tuliilinganisha na ya jana na hakukuwa na ubishi. Nililia, na yeye akaniambia nisidondoshee machozi kwenye mirija.

Furaha hiyo niliiharibu mwenyewe jioni. Tulikuwa tunakula, na alikuwa anamweleza mkewe, mikono yote miwili hewani, bukari inapoa. Ghafla nikakumbuka kwamba matone ya macho si dawa tupu. Kiwandani hutiwa kihifadhi cha kuua vijidudu, na kinachoua kijidudu kinaweza kuua na nyama tuliyoiweka kwenye mirija. Na nyama iliyokufa haitoi gesi. Sikuwa na busara ya kungoja kesho. Nilisema: "CT, tutajua je kama mulango ilifunga, ao kama nyama ilikufa?" Alikasirika. Aliniambia mimi ni mtu wa kutafuta mfupa kwenye maziwa, akasukuma sahani, akatoka kukaa barazani. Lakini alikuwa mwanasayansi kabla ya kuwa mtu mwenye hasira, na asubuhi alikuja kuniambia nina haki. Tungerudia, safari hii tukiipa nyama kichocheo kingine kisichopita kwenye mlango huo. Ikijibu, basi iko hai. Ila ingebidi kutumia nusu ya chupa iliyobaki. Nilimwomba asifanye hivyo. Nilimgeukia Mama Ngalula nikingoja aje juu, avunje sahani, afanye kitu. Alikuwa anapepeta unga, na aliendelea kupepeta.

Hatukurudia. Wiki ile ile walikuja watu kwenye nyumba za walimu, wakagonga mlango kwa mlango, na kila mwenye jina la Kasai aliambiwa siku yake ya kuwa stesheni. Nyumba ilifungashwa ndani ya mchana mmoja. Niliwasindikiza. Jukwaa lote lilikuwa magodoro, masufuria, mashine za kushonea, wazee waliofunikwa mablanketi, watoto waliochoka hata kulia, na harufu ya bitoyo, samaki wa chumvi, na mikojo. Walikaa pale siku nyingi, nami nilikuja kila siku na chakula. Jioni ya mwisho niliyowaona, Mama Ngalula alikalia gunia, akamlaza mume wake kichwa mapajani kati ya watu wote wale, akatoa chupa kutoka kiunoni. Nilishika sinia juu yao kukinga jua. Tone likaanguka, Mukendi akafumba jicho akakunja uso, maana dawa ile inachoma. Kisha, macho yamefumbwa, aliniambia: "Rudia ile kazi, Ngoie. Na dawa safi. Hata kama unapata kinyume, uandike kinyume." Ndiyo mara ya kwanza aliniita jina langu kwa habari ya kazi. Treni ilikuja siku niliyokuwa Kasungami nikitafuta unga, na niliporudi jukwaa lilikuwa tupu upande ule.

Nilirudia. Ilinichukua miaka, ilibidi kwanza nipate nafasi ya kusoma nje, mahali ambapo mtu akibonyeza swichi taa inawaka na hakuna anayeshangaa. Nilitumia dawa safi ya kuziba, na mirija yote siku moja, pamoja. Waridi ilipauka. Mukendi alikuwa amesema kweli: adrenalini inagonga mlango ule, na nyama ya jicho inajibu kwa gesi. Nilijaribu pia kihifadhi peke yake, nikaona kwamba nacho kinapausha, kwa kuua. Kwa hiyo alichokisema kilikuwa sahihi, lakini mirija yake haikuwa shahidi anayeaminika. Niliandika vyote viwili, jina lake nikalitanguliza juu ya langu, nikampelekea makala kwa mkono wa mfanyabiashara aliyekuwa anakwenda Mwene-Ditu. Aliporudi aliniambia mzee ameshukuru sana, na kwamba akitembea hushikwa mkono. Hilo la kushikwa mkono lilinichoma. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu zamani: nusu ya chupa, safari ile ndefu, huko hakuna duka la dawa. Niliamini amekuwa kipofu na kwamba mtu alimsomea makala yangu. Mara chache tulipozungumza kwa simu sikuthubutu kuuliza juu ya macho, naye hakuyataja, tulizungumza juu ya mvua na wajukuu.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu wakati Mama Ngalula ananawa mikono baada ya kula. Alisifu bukari, mahindi matupu. Kisha akasema kuna neno amekuja kuniachia, kwa sababu yeye naye ana umri, na hakuna mwingine atakayelielewa. Alisema: "Ile chupa nilibapatia, haikuwa dawa. Ilikuwa maji."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Chupa tupu za zamani hakuwa akizitupa. Nani alitupa kitu mwaka ule? Alichukua moja, akachemsha maji, akatia chumvi kidogo, akaijaza, akaiweka mezani kati ya chai na muhogo. Ile ya dawa aliifunga kiunoni, na kila asubuhi na jioni ndiyo aliyomdondoshea, naye Mukendi, kichwa mapajani, alitazama dari tu. Iliwafikisha Mwene-Ditu. Baadaye wamisionari huko walimpasua jicho, daktari akasema mshipa uliobaki ulikuwa mwembamba kama uzi, lakini ulikuwepo. Hakuona pembeni, ndiyo maana alishikwa mkono. Mbele aliona mpaka siku aliyokufa.

Kwanza nilikasirika. Nakiri inachekesha: nilikuwa nimegombana na mtu mzima, nikamharibia chakula chake, na nikabeba miaka yote ile wasiwasi juu ya kihifadhi ambacho hakikuwa ndani ya mirija kabisa. Kisha kichwa cha kazi kikaanza kuuliza. Kama yalikuwa maji ya chumvi, mbona rangi ilipauka? Jibu nililiona nikiwa bado nimeshika jagi. Isoprenalini ikishafunguliwa huharibika kwa hewa na joto. Siku ya kwanza ilikuwa nzima. Siku ya pili, baada ya kulala kwenye chungu cha maji, ilikuwa imekufa. Hatukufunga mlango wowote. Tulilinganisha mirija ya leo na ya jana, kwa sababu hatukuwa na kitu cha kutosha kwa siku moja, na tukaona tulichotamani kuona, sote wawili, mwenye jicho moja na mwenye macho mawili.

Mama Ngalula alikuwa ananiangalia usoni. "Sasa uniambie," alisema. "Niliua kazi yake?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ile mirija haikuwa na neno lolote la kusema, siku ile au siku nyingine, lakini neno la mumewe lilikuwa kweli, na mimi nililithibitisha kwa dawa safi, kama alivyoniagiza. Nilimwambia pia kwamba ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Alitikisa kichwa kidogo. Hilo la mwisho halikumhusu sana, nadhani; hakuja kuomba ruhusa.

"Karatasi yako ilifika," alisema. "Alikataa mutu amusomee. Aliisoma ye mwenyewe, pale ku dirisha, asubuhi yote, na jicho yake. Kiisha aliniita. Akasema: 'Unaona, Ngalula? Ile matone yetu haikupotea bure.'" Akasimama, akaanza kukusanya sahani zangu kama vile bado tuko kwake. "Na miye nilimujibu, ndiyo."